Nina miaka 63, nataka kwenda Misri na kundi nisilolijua

"Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, naishi Kasarani. Kina mama wa kanisani kwetu walikwenda hija mwaka juzi nikiwa namuuguza mume wangu. Sasa kampuni moja ya mjini inauza safari ya siku 11 mwezi wa Novemba: Cairo, Luxor, Aswan, kisha Mlima Sinai. Pesa nimeweka, lakini hakuna hata mmoja ninayemjua katika kundi hilo. Wanangu wanasema nitakuwa mpweke, na nikianguka hakuna wa kunishika. Natumia dawa za presha, na goti la kulia hunisumbua nikishuka ngazi. Kampuni inataka nichague: nilale na mtu nisiyemjua au niongeze pesa nyingi nipate chumba changu. Katika ratiba kuna mahekalu ya miungu ya kale na misikiti, na mwenzangu wa kanisa ameniuliza Mkristo ataingia humo kutafuta nini. Naogopa kuwa mzigo kwa watu. Niende au niache?"

Mwalimu, pokea pole zangu kwa kuondokewa na mzee. Ukiniuliza kwa neno moja, nitasema nenda. Ila usitume malipo ya kwanza wiki hii. Umri wako si kizuizi, na wala kutomjua mtu si kizuizi. Kinachowaharibia watu safari za namna hii ni mambo ambayo hayakuzungumzwa kabla ya pesa kutoka: mwendo wa kundi, chumba, dawa, na nani hasa ana wajibu gani kwako. Hayo yote unaweza kuyajua ukiwa bado Kasarani.

Nianze na hofu ya wanao, maana nadhani ndiyo inayokuuma zaidi. Wao wanakuona umesimama uwanja wa ndege wa Cairo na sanduku, hujui pa kushika. Safari ya kundi haiendi hivyo. Kwa kawaida kundi hukutana Jomo Kenyatta, hupanda ndege moja, na huko Cairo hupokewa na wenyeji waliokwisha kulipwa. Hutakuwa peke yako kwa maana hiyo hata kidogo. Upweke unaoweza kukupata ni wa aina nyingine: siku ya kwanza na ya pili, wanandoa hukaa na wanandoa, marafiki na marafiki, na aliyekuja pekee hujikuta mezani akitazama sahani. Hilo linatokea, na si dalili kwamba umekosea kuja. Dawa yake ni kutokaa kiti kimoja. Kifungua kinywa kaa na hawa, chakula cha jioni na wale, na kwenye basi badilisha jirani. Mtu aliyekuja na rafiki hana uhuru huo, kwa sababu kila anapogeuka anaonekana amemwacha mwenzake. Mwalimu aliyezoea kuingia darasa jipya kila Januari hatashindwa na watu thelathini ndani ya basi.

Kuna jambo wanao wameligusa sawasawa, nalo ni la kuanguka. Wengi hudhani kwamba kulipia safari yenye kiongozi ni kulipia mtu wa kukutunza. Sivyo. Misri ina waongozaji wenye leseni ya serikali, na wengi wao wana elimu nzuri sana ya historia ya nchi yao, lakini kazi yao ni kueleza mahali, kukata tiketi za kuingilia na kulinda saa. Mtu mmoja mwenye watu thelathini mbele yake hawezi kutembea na wewe. Kwa hiyo iulize kampuni maswali mawili. Je, kuna kiongozi wa msafara anayetoka Nairobi na kundi na kurudi nalo? Na kundi likitembea, nani anakaa nyuma kabisa? Kampuni iliyowahi kubeba wazee italijibu hilo la pili bila kusita. Ikianza kuzunguka, umepata jibu.

Hapo ndipo neno lako "mzigo" linapoingia, na nataka nikueleze jinsi linavyozaliwa. Angalia kundi likivuka uwanja wa Karnak, hekalu kubwa la kale huko Luxor. Wepesi hutangulia, hufika kwenye kivuli, husimama kusubiri. Wa mwisho anapofika akihema, kiongozi huona kundi limekamilika, huanza kueleza au huondoka. Wepesi wamepumzika dakika tano, wa mwisho hajapumzika hata moja. Kufikia saa sita mchana yule wa nyuma ametembea asubuhi yote bila pumziko, kisha anaambiwa ni umri. Si umri peke yake, ni mpangilio wa mwendo. Kwa hiyo kila mnaposhuka kwenye basi, anza mbele kabisa karibu na kiongozi. Wakikupita njiani, wakupite polepole; utafika katikati yao wala hutakuwa mkiani. Omba pia kiti cha mbele kwenye basi kwa ajili ya goti, na uombe sasa, kwa maandishi. Siku ya safari viti vya mbele hugombaniwa.

Chumba. Najua malipo ya ziada ya chumba cha mtu mmoja huonekana kama adhabu kwa mjane, na nimeshuhudia watu wakikasirika kwa haki. Lakini elewa yanakotoka. Bei unayoiona kwenye tangazo imepigiwa hesabu ya watu wawili ndani ya chumba kimoja. Tuchukue mfano: chumba kinauzwa shilingi 12,000 kwa usiku. Wawili wakikigawana, kila mmoja anatoa 6,000. Ukikaa pekee, hoteli haipunguzi kitu cha maana, kwa kuwa kitanda cha pili kimebaki bila mlipaji. Kwa usiku 10, tofauti inafika shilingi 60,000. Mantiki ni ile ile kwenye boti za Mto Nile kati ya Luxor na Aswan, na huko vyumba ni vidogo zaidi. Kampuni ikikutajia nyongeza inayozidi nusu ya gharama nzima ya vyumba, waulize wameipataje. Wapo wanaoongeza chao juu.

Kulala na mgeni si jambo baya kama linavyosikika, mradi msikutanishwe mlangoni saa tano za usiku. Iombe kampuni imtafute mwanamke wa rika lako, kisha iwakutanishe Nairobi kabla hujakubali. Nendeni mkanywe chai mahali fulani mjini, saa moja inatosha. Ulizaneni mambo ya kweli: anakoroma? Anaamka saa kumi kusali kwa sauti? Anazungumza na simu hadi usiku wa manane? Wewe nawe mwambie kwamba goti litakuamsha na utawasha taa. Mkipatana, utapata mtu atakayegundua asubuhi kwamba hukuamka, na hilo kwa mtu wa presha lina thamani kubwa kuliko pesa utakazookoa. Kama hamkupatana, lipia chumba chako na moyo utulie. Kuna njia ya katikati ambayo kampuni hazipendi kuitaja kwa sababu inawaongezea kazi: kugawana chumba Cairo na Luxor, kisha kuwa na chumba chako usiku mmoja au miwili katikati ya safari ili upumzike. Iulizie. Na usikubali kuandikwa kama mtu wa kugawana chumba bila kujua nani atalipa iwapo mwenzio hatapatikana au atajiondoa dakika ya mwisho. Mara nyingi kipengele hicho kinakuangukia wewe.

Sasa tuje kwenye mlima, maana hapo ndipo wengi huamua kwa machozi badala ya kuamua kwa akili.

Jabal Musa, mlima ambao mapokeo yanauita Sinai, una urefu wa mita 2,285. Usiogope urefu huo kama wanavyouogopa watu wa pwani. Wewe unaishi Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kilele cha Ngong kina mita 2,460, kwa hiyo kinaupita mlima wa Musa. Damu yako imezoea hewa ya juu. Shida ni njia. Makundi mengi huanza kupanda saa saba au saa nane za usiku ili yafike kileleni kabla ya jua kuchomoza. Kutoka kwenye monasteri ya Mtakatifu Katerina hadi juu ni mpando wa mita mia saba hivi, gizani, kwa tochi. Njia ndefu ya ngamia ni pana na mteremko wake ni wa taratibu, na unaweza kukodi ngamia kwa Wabedui wa pale. Lakini ngamia hafiki juu. Anakushusha pale ambapo ngazi za mwisho zinaanza, na ngazi hizo ni takriban 750, za mawe yasiyolingana. Kuna njia nyingine ya ngazi tupu, ile ya toba, yenye ngazi zipatazo 3,750 zilizojengwa na watawa. Hiyo iondoe kabisa kwenye mawazo yako.

Umeandika kwamba goti hukuuma ukishuka. Mwalimu, hilo ndilo neno zito kuliko yote katika barua yako. Kupanda huchosha mapafu na moyo, na ukichoka unasimama. Kushuka ni mambo mengine. Kila hatua ya chini, uzito wote wa mwili hutua juu ya goti lililokunjwa, na misuli ya paja inafanya kazi ya breki huku ikiendelea kurefuka. Mfupa wa kifuniko cha goti unagandamizwa kwa nguvu inayozidi uzito wako mara kadhaa. Misuli ikichoka, breki zinalegea, na goti linabeba lisichoweza. Ndiyo maana watu hufika juu wakiimba tenzi na kushuka wakibebwa. Tena kushuka hakuna njia ya mkato: ukishafika juu, lazima ushuke ngazi zile 750 kwa miguu yako kabla ya kumpata ngamia, na kumteremkia ngamia kwenyewe si raha.

Kwa hiyo jipime hapa nyumbani. Una miezi. Anza Msitu wa Karura, mara tatu kwa wiki, saa moja ya kutembea. Ukishazoea, nenda Ngong na watu, usiende pekee, utembee ile mikwezo kwa saa mbili, fimbo mkononi. Usiangalie jinsi ulivyopanda. Angalia goti kesho yake asubuhi. Likivimba, likipata joto, au likikwama, umeshapata jibu kuhusu kilele. Lisipovimba, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe mazoezi ya paja kwa wiki nane, kisha jaribu tena. Fiziotherapia si anasa; katika bajeti yako ningeiweka mbele ya chumba cha peke yako.

Na ukiambiwa usipande? Nataka uamini hili kwa moyo wote: anayebaki chini hajakosa hija. Walio juu wanaona macheo mazuri, kisha wengi hufika kwenye monasteri wakiwa wamechoka kiasi cha kutoona kitu. Monasteri yenyewe ndiyo hazina. Ilijengwa kwa amri ya Kaisari Justinian katika karne ya 6, na watawa wamekaa hapo tangu wakati huo. Ndani ya kanisa kuna mozaiki ya Kugeuka Sura ya Yesu ya karne hiyo hiyo, juu ya madhabahu. Kuna picha takatifu ya Kristo iliyochorwa wakati huo pia, iliyonusurika kipindi ambacho dola la Bizanti liliharibu picha nyingi za aina hiyo, kwa sababu Sinai ilikuwa mbali na mkono wake. Kuna maktaba ya maandiko ya kale ambayo husemwa ni ya pili baada ya Vatikani. Kuna kijiti ambacho mapokeo yanasema ndicho kilichowaka moto bila kuteketea. Na ndani ya ukuta huo huo wa watawa kuna msikiti mdogo wa zama za Wafatimi, watawala wa Kiislamu waliowahi kuishika Misri. Monasteri hufunguliwa kwa wageni saa chache tu za asubuhi, na siku nyingine haifunguliwi kabisa. Sasa fikiria: wewe umelala, umekunywa chai, umechukua dawa yako, na umesimama mlangoni wakati unafunguliwa. Walioteremka mlimani wanakuja nyuma yako na vumbi. Kama kampuni imeweka mlima na monasteri asubuhi moja, waulize aliyebaki hotelini ataletwa na gari gani na saa ngapi. Waandike jibu.

Wala usijione mtu wa kwanza kufanya safari hii bila ndugu wa kumshika mkono. Kati ya mwaka 381 na 384, mwanamke Mkristo aliyeitwa Egeria alitoka magharibi ya mbali akazunguka Misri, Sinai na Yerusalemu. Aliongozwa na watawa wa kila mahali, na katika sehemu za hatari alisindikizwa na askari wa Kirumi. Barua aliyowaandikia wanawake wenzake nyumbani imesalia hadi leo, ingawa si nzima, na humo anaeleza alivyoupanda mlima huu kwa miguu na ulivyomchosha. Huo ulikuwa msafara wenye viongozi, karibu miaka 1,650 kabla ya wako.

Habari za vita ulizozisikia kuhusu Sinai kwa sehemu kubwa zinahusu kaskazini ya rasi hiyo. Monasteri iko kusini. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini haimaanishi ufumbe macho: hali ya eneo hilo lote hubadilika, na wiki moja kabla ya kulipa na wiki moja kabla ya kuondoka soma tahadhari za serikali yetu na za nchi nyingine. Kutoka Cairo kwa barabara mtavuka chini ya Mfereji wa Suez kwa njia ya chini ya ardhi, na vizuizi vya polisi ni vingi. Hesabu siku nzima ndani ya basi. Goti lisikae limekunjwa saa nane: kila basi linaposimama, shuka.

Kuhusu dawa, hapa naomba usinitegemee mimi wala mtu yeyote wa safari. Muone daktari wako wiki nane kabla, ana kwa ana, na ratiba mkononi. Mambo matatu yasikose. La kwanza ni chanjo ya homa ya manjano. Misri hudai cheti chake kwa anayetoka Kenya. Kama ulichanjwa zamani na kadi unayo, inatosha, kwa sababu tangu mwaka 2016 kadi hiyo haina mwisho. Kama hujawahi kuchanjwa, simama hapo. Kwa mtu aliyepita miaka 60 anayechanjwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa, ingawa ni nadra, imepanda kuliko kwa kijana. Usiende tu kupanga foleni kwenye kituo cha chanjo kwa sababu kampuni imekwambia. Daktari apime, na kama ataona usichanjwe atakuandikia barua ya msamaha, ambayo mtaulizia ubalozi wa Misri kama itakubalika. Ukichanjwa, iwe siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri.

La pili ni dawa za maumivu. Dawa kama diclofenac na ibuprofen, ambazo tunazinunua dukani kama peremende, zinaweza kupandisha presha na kugombana na baadhi ya dawa zake, hasa mwili ukikosa maji. Na Aswan ni jangwa, hata Novemba. Muulize daktari utumie nini. Kama kuna aliyekupa tramadol kwa goti, usiiweke kwenye mkoba bila ushauri. Misri inaidhibiti vikali sana. Mwaka 2017 mtalii mmoja Mwingereza alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa kuingia na vidonge vya dawa hiyo. Dawa zako zote zibaki kwenye pakiti zake, na barua ya daktari, ndani ya mkoba wa mkononi. Sanduku linaweza kupotea, presha haitangoja lipatikane.

La tatu ni moyo. Ukipanda ngazi za ghorofa mbili ukahisi kifua kinabana, au pumzi inakatika, au mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, usingoje miadi ya wiki ijayo. Nenda hospitali siku hiyo. Safari itasubiri.

Na bima: usisafiri ukitegemea SHA, bima ya afya ya serikali yetu, kwa dharura ya ugenini. Nunua bima ya safari, na utaje presha na goti waziwazi unapoinunua. Bima iliyofichwa ugonjwa hukataa kulipa siku unayoihitaji.

Dhamiri. Swali la mwenzako wa kanisa si la kijinga, na sitalipuuza. Mimi huona hivi: kuingia mahali ni kitu kimoja, kuabudu ni kingine. Karnak, hakuna anayemwabudu Amun, mungu wa hekalu hilo, leo. Utasimama kwenye ukumbi wa nguzo 134, zile za katikati zikiwa na urefu wa mita 21 hivi, na utaelewa Israeli walikuwa wanatoka kwenye utukufu wa namna gani walipoambiwa waende jangwani. Na tazama kuta vizuri. Ndani ya Karnak, kwenye ukumbi wa sherehe wa Farao Thutmose wa Tatu, kuna mabaki ya picha za watakatifu zilizochorwa Wakristo walipougeuza mahali pa ibada. Philae, karibu na Aswan, misalaba imechongwa kwenye mawe ya hekalu la Isis, mungu wa kike wa kale. Luxor, msikiti wa Abu Haggag umejengwa ndani ya hekalu lenyewe na watu wanaswali humo hadi leo. Misri ni nchi ambayo imani moja imekaa ndani ya nyumba ya nyingine kwa zamu, na Mkristo anayekataa kuvuka kizingiti atakosa hata nyayo za watu wake. Lakini kama baada ya kuzungumza na mchungaji wako bado moyo unakataa, baki nje kwenye kivuli bila aibu. Mwambie kiongozi mapema tu, asikutafute.

Misikitini utavua viatu na kujifunika kichwa. Beba leso pana na soksi. Katika makanisa ya Kikopti ya Cairo ya kale, kama lile lililojengwa juu ya lango la ngome ya Kirumi iliyoitwa Babeli, au lile la Abu Serga lenye pango ambapo mapokeo yanasema Familia Takatifu ilipumzika, usikae tu popote ukikuta ibada: kwa desturi wanaume na wanawake hukaa pande tofauti. Na nikwambie mapema ili usiumie: meza ya Bwana hapo, na kule Sinai kwa Waothodoksi wa Kigiriki, ni ya waumini wao. Hawakubagui wewe. Ndiyo kanuni yao ya miaka mingi.

Pesa nitazitaja kwa ufupi. Hakikisha kampuni ina leseni ya mamlaka ya usimamizi wa utalii, TRA, kisha lipa kwa Paybill au akaunti yenye jina la kampuni, kamwe si kwa namba ya mtu. Pata kwa maandishi: kundi lisipofika idadi inayotakiwa, nini kinatokea kwa pesa zako? Viza inaombwa na nani? Bakshishi na ngamia vimo ndani ya bei? Ukishapewa tiketi, ihakikishe mwenyewe kwa shirika la ndege kwa kutumia namba iliyo juu yake. Pasipoti iwe na miezi sita iliyobaki baada ya kurudi.

Wanao usiwashinde kwa maneno, wape kazi. Mmoja ashike nakala ya pasipoti na bima, mwingine ashike majina ya hoteli za kila usiku, namba ya kiongozi wa msafara na ya ubalozi wa Kenya ulioko Cairo. Kubalianeni saa moja ya kila siku utakayopiga simu, na kubalianeni pia kwamba ukikosa siku moja, wataanza kwa kumpigia kiongozi kabla ya kutangaza kwa ukoo mzima.

Kwa hiyo wiki hii fanya mawili tu: panga miadi na daktari, na iandikie kampuni maswali niliyokutajia, kuhusu mtu wa nyuma, chumba, kiti cha mbele na gari la asubuhi la asiyepanda mlima. Wakijibu yote kwa maandishi, na daktari asipokuzuia, lipa. Wakikataa kuandika, tafuta kampuni nyingine. Misri haina uhaba wa misafara kati ya Oktoba na Machi.